Kesi ya Haskett Haipo

"Kesi hii haipo, Bi. Vukelich."

Hapo ndipo tulipomwacha Danika Jumapili iliyopita, amekaa ukingoni mwa kiti katika ofisi ya Naibu Mkuu wa Shule ya Sheria ya Tillotson, mjini Duluth. Majibu yake ya mtihani wa Mikataba yametandazwa mezani, na mstari mmoja umepigiwa wino mwekundu mara mbili. Aliyelikosa gazeti la wiki ile asihangaike. Mambo yenyewe ndiyo kwanza yanaanza.

"Haipo vipi?" Danika aliuliza.

"Haipo," alisema Bi. Loretta Fairbrother, Naibu Mkuu, akavua miwani. "Haskett dhidi ya Bremer, mwaka 1911. Mkulima aliyeahidi kuuza mashine ya kufunga majani makavu, kisha akageuka. Profesa Kittelson amefundisha Mikataba miaka thelathini na moja na hajapata kuisikia. Amewatuma wakutubi, wamefukua mpaka kumbukumbu za mahakama ndogo za vijijini. Hakuna Haskett. Hakuna Bremer. Hata mashine yenyewe sina hakika nayo."

Angekuwa mtu mwingine, angecheka. Danika alikuwa anahesabu mapigo ya moyo wake mwenyewe.

"Labda nilikosea jina, mama."

"Umetaja jina, mwaka, jaji na ukurasa. Mtu hakosei vizuri namna hiyo."

Bi. Fairbrother alisogeza karatasi ya pili. Danika aliitambua kabla haijamfikia. Ilikuwa karatasi ya mbele ya mtihani, yenye namba 4417, kwa kuwa pale Tillotson mtahiniwa haandiki jina, anaandika namba, na msahihishaji hajui anamsahihisha nani. Namba ile ilikuwa imefunguliwa. Pembeni mtu alikuwa ameandika kwa kalamu ya risasi: *Vukelich, D.*

"Soma hapo chini, kwa sauti."

Danika akasoma. "'Ninathibitisha kwamba muhtasari nilioingia nao katika mtihani huu nimeuandika mwenyewe, au nimeshiriki kwa kiasi kikubwa kuuandika.'"

"Saini ya nani?"

"Yangu."

"Kompyuta za mtihani zilikuwa zimefungiwa mtandao," alisema Bi. Fairbrother. "Kwa hiyo huyu Haskett aliingia chumbani kwa miguu yake, ndani ya muhtasari wako. Swali langu ni moja tu. Muhtasari ule uliuandika wewe?"

Danika alifungua mdomo.

"Usinijibu!" Yule mama aliinua kiganja. "Sitaki jibu la kuropoka. Ijumaa, saa sita mchana, uniletee maelezo kwa maandishi, yenye saini yako. Nisikilize vizuri, binti. Kosa la muhtasari lina adhabu yake. Unaweza kufelishwa somo, unaweza kukaa nyumbani muhula mzima, lakini utarudi. Ukinidanganya kwenye maandishi, nitalazimika kuiandikia bodi inayoapisha mawakili. Ile bodi haisahau. Ninawajua watu wenye shahada ya sheria ukutani ambao leo wanauza matairi."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Danika alitoka ofisini akakosea mlango, akajikuta kwenye stoo ya mafagio.

*

Mai See Lor alikuwa chini, kwenye makabati ya wanafunzi, anavua buti zenye theluji. Nje kulikuwa na baridi ya nyuzi ishirini chini ya sifuri, na kila aliyeingia alikuwa anakanyaga chini kwa nguvu huku akimlaani aliyeuanzisha mji ule.

"Shoga, mbona umepauka hivyo?" Mai See alimuuliza. "Kittelson amekuita darasani tena? Amekusimamisha?"

"Haskett dhidi ya Bremer."

"Nini?"

"Nimeiandika kwenye mtihani. Hoja nzima ya swali la pili nimeijenga juu yake."

Buti lilimtoka Mai See mkononi. Alimvuta rafiki yake nyuma ya makabati.

"Danika, ile si kesi! Ule ni mtego wa Garrett."

Hapa sina budi kurudi nyuma hatua mbili, kisha nitakimbia. Mwezi wa tisa watu watatu walikaa wakakubaliana kuandika muhtasari mmoja wa Mikataba. Danika angeandika sura tano za kwanza, Mai See tano za kati, na Garrett Oxley, kijana wa mdomo mwepesi na nywele zilizochanwa vizuri, angeandika tano za mwisho. Profesa Kittelson hutoa A nane tu kwa watu themanini, hakuna anayepona peke yake.

Mwezi wa kumi na moja simu ikaja kutoka Eveleth, juu huko kwenye migodi ya chuma. Lori la mgodi lilikuwa limerudi nyuma bila breki na kumbana baba yake Danika ukutani. Danika aliondoka siku hiyo hiyo na mkoba wa mgongoni. Alikaa wiki tatu kando ya kitanda cha hospitali. Aliporudi, mguu wa kulia wa mzee ulikuwa umekatwa, mtihani ulikuwa umebakiza siku kumi, na muhtasari ulikuwa umekamilika, kurasa mia moja na nne, na majina matatu juu yake. Jina la kwanza lilikuwa la kwake.

Hakuwa ameandika hata mstari mmoja. Sura zake zote tano ziliandikwa na Mai See, bila kuombwa, tena hakutaka hata ashukuriwe. Danika alizikariri kama sala. Siku ya mtihani akasaini.

"Mtego wa kumnasa nani?" Danika aliuliza sasa.

"Si unakumbuka mtu alichukua kurasa zetu kwenye printa? Garrett akasema, tutie kesi ya uongo. Atakayeitaja ndiye mwizi. Sisi watatu tunajua, hatutaigusa."

"Sisi watatu? Alisema lini?"

Mai See alijibu polepole. "Kwenye kikao cha mwisho."

"Nilikuwa Eveleth."

"Ulikuwa Eveleth."

"Na hukuniambia."

"Nilisahau!" Machozi yalikuwa yamemjaa tayari. "Nilikuwa naandika sura zangu na zako, mama ananipigia simu kila asubuhi, mdogo wangu anaumwa. Ulirudi umekonda, hata kula huli, nikasema huyu nisimsumbue na upuuzi wa Garrett. Kisha nikasahau. Nisamehe, Danika. Nilisahau kabisa."

Danika alitaka kumkasirikia, akakosa pa kuanzia. Alimwokotea buti lake.

*

Garrett walimkuta mgahawani Jumatano mchana, anakula viazi vya kuoka na nyama ya kusaga.

"Waheshimiwa!" akawakaribisha. "Kaeni. Leo chakula kinalika, kwa mara ya kwanza tangu nifike hapa."

"Nakupongeza," alisema Danika. "Mtego wako umemnasa mwizi."

"Acha! Nani?"

"Mimi."

Garrett alicheka. Halafu akaona wenzake hawacheki, uma ukasimama hewani.

"We dada, uliitaja? Haskett? Kwa nini uliitaja?"

"Kwa sababu ilikuwa kwenye kitabu tulichoandika pamoja, bwana. Kwa sababu niliiamini."

"Wakala wa bima angeiona ni uongo! Jaji nilimwita Thaddeus Crumb, yaani makombo ya mkate!"

"Majaji wote wa zamani wanaitwa hivyo," alisema Danika.

Garrett alisukuma sahani. Aliangalia kushoto na kulia, akainama juu ya meza, na ule utani wote ukamtoka usoni. Sasa alikuwa mtoto wa mama anayeogopa. Danika hakuwahi kumwona hivyo.

"Nimekwisha," Garrett alinong'ona. "Mnaelewa? Kutia kesi ya uongo kwenye maandishi ya kundi kabla ya mtihani ambao A ni za kugombania. Wataita hujuma. Watasema niliwategea wenzangu washuke ili mimi nipande."

"Si ndivyo ilivyokuwa?" aliuliza Mai See.

"Nilimtegea mwizi! Ninyi wote mlikubali!"

"Mimi sikukubali," alisema Danika. "Mimi nilikuwa namfuta baba yangu jasho."

Garrett alikunywa maji yake yote, na kikombe kilipofika chini alikuwa ameshapata wazo. Mawakili wa kesho, msomaji wangu, hawakai na hofu muda mrefu bila kuitafutia kifungu.

"Sikilizeni. Yule mama ana nini mkononi? Ana kesi isiyokuwepo, basi. Hajui nani aliandika sura gani. Danika anaandika hivi: 'Niliandika sura zangu tano, nilishiriki. Ile kesi niliichanganya kichwani, nilikuwa na msiba wa ugonjwa nyumbani.' Mimi na Mai See tunathibitisha. Muhtasari ni halali, kiapo ni halali, Haskett ni uchovu. Nani atambana binti ambaye baba yake amekatwa mguu?"

"Usimtaje baba yangu."

"Namtaja kwa sababu ndiye atakayekuokoa."

"Na nikisema kweli?"

Garrett alifungua simu yake, akatafuta, akamsogezea kanuni za maadili za shule. "Kifungu cha sita. Soma."

Danika akasoma. Anayemfanyia mwenzake kazi ya masomo, akijua itawasilishwa kama ya mwenzake, ana kosa lile lile na adhabu ile ile.

"Ukisema kweli," Garrett alisema, tena kwa upole, "mimi naanguka, sawa, pengine nastahili. Wewe unaanguka. Na huyu aliyekuhurumia anaanguka pamoja na sisi. Chagua."

Mai See alikuwa anatazama meza.

Jioni ile Garrett alimtumia Danika maelezo yaliyokwisha kuandikwa, ukurasa mmoja safi, na pengo chini kwa ajili ya saini. Hata makosa madogo mawili ya herufi aliyaweka, yaonekane ya kweli.

*

Alhamisi alasiri Danika alikwenda kwa Mai See. Chumba kilinukia wali wa kunata wa zambarau ambao mama yake alikuwa ameutuma kutoka Saint Paul kwa binamu mwenye gari, pamoja na sambusa ndefu za nyama zilizofungwa kwenye karatasi ya aluminiamu. Mai See alipakua sahani mbili. Hakuna aliyekula.

"Utasaini?" aliuliza.

"Sijui."

"Danika, mimi sijawahi kukuomba kitu."

"Najua."

"Sisi tuko tisa nyumbani. Mimi ndiye wa kwanza. Kwenye sherehe ya mwaka mpya wa kabila letu, pale ukumbini, baba alinishika mkono akanizungusha kwa wazee wa ukoo wote. 'Huyu ni wakili wetu.' Mwaka wa kwanza sijaumaliza, tayari mimi ni wakili wao! Shangazi yangu ana barua za nyumba ya kupanga ameziweka kabatini, ananisubiri mimi nimsomee." Alijifuta pua kwa kiganja. "Nikirudishwa nyumbani, baba hatasema neno. Hilo ndilo linaloniua. Hatasema neno lolote, ataacha tu kunitambulisha."

"Kosa si lako. Uliniandikia kwa sababu ya huruma."

"Kifungu cha sita hakina huruma. Nimekisoma mara ishirini."

"Mai See, kusaini uongo..."

"Ni sura tano tu! Ungeziandika wewe mwenyewe kama lori lingekuwa na breki! Zingekuwa nzuri kuliko zangu! Basi hesabu uliziandika!" Akalia kwa sauti, amejiinamia, mabega yakimtetemeka chini ya sweta kubwa la kaka yake.

Danika hakuweza kumwangalia. Alijiona mtu mbaya kuliko wote Duluth, aliyeandikiwa kazi, akapewa sahani ya chakula, na bado anakaa hapo kupima maneno. Alimshika rafiki yake bega.

"Sawa," akasema. "Nitasaini."

"Kweli?"

"Kweli. Nyamaza sasa. Nitasaini."

Mai See alimkumbatia kwa nguvu hadi sahani ikaanguka. Waliokota wali sakafuni wakicheka kwa mara ya kwanza wiki ile, na walichookota Mai See akakila, akisema mama yake akijua umetupwa atakuja kwa miguu.

Lo, Danika! Ungemwambia tu, nipe muda nifikirie.

*

Ijumaa saa moja asubuhi simu ilimkuta anapiga mswaki. Ilikuwa Eveleth.

"Umeamka, mwanangu?"

"Nimeamka, Baba. Mguu vipi?"

"Upi?" Mzee Anton Vukelich alicheka peke yake. Kisha akatulia, na Danika alijua kwamba kuna jambo, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kupiga simu kabla ya kahawa. "Ripoti ya mgodi imetoka. Wamenisomea jana."

"Inasemaje?"

"Inasema breki zilikaguliwa asubuhi ile. Kuna fomu. Kuna saini."

"Haziwezi kuwa zilikaguliwa!"

"Hazikukaguliwa. Fundi wa zamu alichelewa kazini mara ya tatu, angefukuzwa. Ana watoto wadogo. Basi Ludvik akamsainia."

"Ludvik?" Danika alikaa kwenye ukingo wa bafu. "Ludvik Zgonc? Wetu?"

"Wetu. Amekuja mwenyewe kuniambia, kabla ya ripoti. Alikaa kwenye kiti cha mama yako akalia kama mtoto. Alikuwa anamfanyia mtu wema, Danika. Sijaona ubaya wowote ndani yake, nimeutafuta."

"Na wewe ukamwambia nini?"

"Ningemwambia nini? Kesho anakuja tucheze karata. Nitacheza na nani mwingine? Miaka arobaini ni rafiki yangu." Mzee alivuta pumzi. "Lakini kila asubuhi nikiamka, natia mguu chini kutafuta kandambili. Kila asubuhi, mwanangu. Kisha nakumbuka."

Danika alikuwa ameshika mswaki, povu linamtiririka mkononi.

"Na wewe huko? Sheria inakwendaje?"

"Vizuri, Baba."

Alipokata simu alikwenda mezani. Maelezo ya Garrett yalikuwa pale, yamechapwa, kalamu imelala juu yake. Aliyasoma tena kuanzia juu hadi chini. Yalikuwa mazuri kweli. Akayachana vipande vinne, akavuta karatasi nyeupe na kuanza kuandika kwa mkono.

Aliandika kuhusu Eveleth. Aliandika kwamba hakuandika sura hata moja, na kwamba alisaini akijua. Alipofika kwa Mai See alisimama. Alijaribu kumruka. Akaandika, "sura zangu ziliandikwa," akabaki anaitazama sentensi hiyo. Ziliandikwa na nani, na upepo? Bi. Fairbrother angeuliza swali hilo kabla ya kumaliza mstari. Saa nzima alihangaika kumtafutia rafiki yake mlango wa kutokea, na kila mlango ulikuwa uongo mwingine. Mwisho aliandika jina, *Mai See Lor*, na chini yake nusu ukurasa mzima wa kumtetea. Alifanya kwa huruma. Hakuombwa. Hakupata faida yoyote. Adhabu yake nipeni mimi.

Kisha akampigia, kwa maana hakutaka asikie kwa mtu mwingine. Simu haikupokelewa. Akapiga tena. Ijumaa asubuhi kulikuwa na mahakama ya mazoezi, ambako simu huzimwa na kuachwa kwenye kikapu mlangoni. Alipiga mara sita. Akaandika ujumbe: *Usiongee na mtu. Nisubiri. Nimebadilisha mawazo.*

Hakuwa na wasiwasi mkubwa, maana Mai See hakuwa ameitwa. Yule mama hakujua hata jina lake. Angalau alikuwa na muda wa kumwona, kumpigia magoti, kumweleza. Hivyo ndivyo alivyojiambia akifunga bahasha, na mimi simlaumu.

*

Saa sita kasoro dakika tano alipita korido ya ghorofa ya tatu. Bi. Fairbrother alikuwa mlangoni, anamsubiri. Alikuwa anatabasamu.

"Ingia, Danika, ingia. Kaa. Umekula?"

Alimwita Danika. Jumanne alikuwa Bi. Vukelich.

"Bado, mama." Danika alikaa, bahasha mapajani. "Nimeleta maelezo."

"Nimeiona bahasha. Ngoja kwanza." Yule mama aliketi, akafungua faili. "Sipaswi kukusomea hili, lakini wiki nzima sijalala vizuri kwa ajili yako. Nina binti wa umri wako. Wenzako wawili walikuja hapa saa tatu asubuhi kabla ya vipindi. Sikuwaita. Yule kijana, Oxley, ndiye aliyegonga mlango, lakini binti ndiye aliyeongea."

Danika aliibana bahasha.

"Binti gani?"

"Mwenzako Lor. Ameandika mwenyewe, hapa hapa mbele yangu, na amekula kiapo." Bi. Fairbrother alivaa miwani. "'Mimi, Mai See Lor, ninathibitisha kwamba Danika Vukelich aliandika sura ya kwanza hadi ya tano kwa mikono yake, mimi nikiwepo. Nilimwona akiziandika. Niko tayari kuliapia hili mbele ya bodi yoyote.'" Alikunja karatasi kwa uangalifu. "Nilimuuliza mara mbili kama ana hakika. Nilimwonya kama nilivyokuonya wewe. Akaniambia, mama, Danika atakuletea maneno haya haya saa sita."



Alimwambia "sawa". Alimwambia "nitasaini". Na Mai See, ambaye hakuwahi kusema uongo hata kwa mwenye nyumba, alikuwa ameamka akaenda kusaini kwanza, ili amtengenezee njia.

"Kwa hiyo kama maelezo yako yanasema hivi hivi," aliendelea Bi. Fairbrother, "faili hili nalifunga leo. Utakatwa alama za swali la pili, basi, na utajifunza kutokuamini kumbukumbu ukiwa na huzuni. Nipe."

Alinyoosha mkono juu ya meza.

Danika aliinua bahasha. Ndani yake mlikuwa na jina la rafiki yake, na kweli tupu, na kweli ile sasa ilimfanya Mai See kuwa mtu aliyedanganya kwa maandishi. Hayo si makosa ya kukaa nyumbani muhula. Hayo ni ya kuuza matairi.

Angeweza kuirudisha mfukoni na kusema amekosea bahasha. Badala ya yale maelezo aliyoyachana, Garrett angempa mengine kwa dakika moja. Angemaliza shule, angeapishwa, wangekuwa mawakili wote watatu, na kila mtu ambaye kesho angemwambia "apa kwamba unasema kweli" angelikuwa anamwambia mtu aliyeanza kazi kwa saini kama ile ya Ludvik.

"Mama," alisema, "naomba niongee na Mai See kwanza. Dakika moja."

Tabasamu la Bi. Fairbrother lilipungua kidogo. "Kwa nini?"

Danika aliirudisha bahasha nyuma kidogo.

"Mashahidi hawaongei wakati maelezo yako njiani, Danika. Muhula wa kwanza hamkufundishwa?" Vidole vya yule mama vilishafika kwenye bahasha. Alivuta. Bahasha haikuja. Watu wawili walikuwa wameishika juu ya meza, huyu huku na yule kule. "Iachie."

Mlango wa ofisi ulikuwa wazi. Nje, kwenye benchi la korido, alikuwa amekaa Mai See, ametoka mahakama ya mazoezi sasa hivi, koti la kuazima bado mwilini. Kifurushi cha aluminiamu kilikuwa mapajani mwake. Simu alikuwa hajaiwasha. Uso wake ulikuwa mwepesi, uso wa mtu aliyelala usingizi mzito, na alipoona rafiki yake anavutana bahasha na Naibu Mkuu alidhani ni ule woga wake wa siku zote. Akacheka.

"Mpe tu, shoga!" aliita kutoka korido. "Mpe, twende tukale!"

Danika akaiachia.